Timu ya Pili Nayo Ni Mahali pa Kazi

Klabu ikibanwa na fedha, kitu cha kwanza kukatwa ni timu ya pili. Kocha wa wakubwa hulipwa, basi la wakubwa hutiwa mafuta, na vijana huambiwa wasubiri mpaka mambo yatengemae. Hoja inayotolewa ni ile ile siku zote: vijana hawaleti watazamaji mlangoni, hawaleti kombe, na wengi wao hawafiki popote. Mimi naona hoja hii ni mbovu kwa upande wa michezo, na ni mbovu zaidi kwa upande wa kazi. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi za chama, badala ya kuyapeleka maneno yangu kwenye gazeti la michezo.

Tuanze na Nakivubo, maana mji mzima wa Kampala ulijifunza mpira pale. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1926, na katika miaka ya 1950 ukafanywa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Umekaa katikati ya watu wa kazi. Ukitoka langoni uko soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe. Hatua chache zaidi uko kwenye vituo vya teksi na mabasi. Halafu Kisenyi na mafundi wake. Wachukuzi, makondakta, wauza mitumba na akina mama wanaopika chakula cha mchana, wote hawa wameishi kando ya kelele za uwanja huo, na wengi wao waliwahi kulipa kiingilio kwa fedha ambayo nyumbani iliahidiwa kununua sukari.

Watu husahau timu ya KCC ilianzia wapi. Mwaka 1963 Bwana Samuel Wamala, mkuu wa sehemu ya maji machafu katika idara ya uhandisi ya Baraza la Jiji, aliwakusanya vibarua wa sehemu yake wakaanza kucheza. Hawa hawakuwa wachezaji waliotafutiwa kazi. Walikuwa wafanyakazi waliopewa mpira. Timu yao ilipanda daraja katikati ya miaka ya 1970, ikachukua ubingwa wa nchi mwaka 1976 na tena 1977, na mwaka 1978 ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kutwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati. Kutoka vibarua wa maji machafu hadi kombe hilo ni miaka 15. Hakuna aliyenunua kikosi kizima kwa msimu mmoja.

Nakivubo yenyewe ina mfano wake. Klabu tunayoiita leo SC Villa ilianza mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys. Ikaitwa Nakivubo Villa, kisha Sports Club Villa, na mwaka 1982 ikawa bingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1991 ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Baada ya ubingwa wa mwaka 2004 ilikaa miaka 20 bila kuupata tena, hadi msimu wa 2023/24 ilipotwaa wa 17. Sidai kwamba ukame huo ulikuwa na chanzo kimoja. Nasema tu kwamba klabu yenye neno "vijana" katika jina lake la kwanza ingekuwa ya mwisho kusahau vijana wana faida gani.

Katika enzi hizo, karibu kila timu kubwa ilikuwa na mwajiri nyuma yake. Magereza, yaani Prisons, walikuwa mabingwa mwaka 1968 na 1969. Benki ya Biashara ya Uganda, UCB, ilichukua ubingwa mwaka 1979. Kijana mwenye mguu mzuri aliitwa, akajaribiwa na timu ya pili, na alipoonekana anafaa akapewa kazi: tarishi, karani, fundi msaidizi, askari. Asubuhi kazini, jioni mazoezini. Nchi ilipofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 huko Ghana na kufungwa 2 kwa 0 na wenyeji, nyuma ya timu ile ulikuwako mpango huu wa waajiri na wachezaji wao. Phillip Omondi, ambaye uwanja wa Lugogo una jina lake leo, alikuwa mtu wa KCC.

Nisije nikaonekana nasifu tu mambo ya zamani. Mpango ule ulikuwa na dosari, na wanachama wazee wanazikumbuka. Kulikuwa na wachezaji ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha ya mishahara lakini sura zao hazikujulikana karakana. Wenzao walifanya zamu zao na za wachezaji, wakanung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini jambo moja mpango ule ulilifanya barabara: goti likivunjika, au miaka ikimfikia mtu, mpira uliisha na kazi ikabaki. Aliyekuwa mlinzi wa kushoto akawa karani wa stoo. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yake, na ndiyo ilikuwa pensheni yake.

Kisha mashirika yakauzwa. UCB iliuzwa, na mwaka 2002 ikamezwa na Stanbic. Mengine yaligawanywa au yakafungwa. Sisi wa vyama twaijua habari hii kwa upande wa watu waliopunguzwa kazini. Kwa upande wa michezo tuliizungumza kidogo mno. Shirika lilipokwenda, timu ilikwenda nalo, na timu ya pili ilikuwa imekwenda kabla ya zote. Kilichobaki ni kijana anayecheza kwa posho ya nauli, bila barua yoyote, akingoja kuitwa na timu ya wakubwa.

Namjua mmoja wa vijana hao, siwezi kumtaja wala kuitaja klabu yake. Alivunjika mfupa wa mguu kwenye mazoezi ya timu ya pili akiwa na miaka 18. Klabu ilimpeleka hospitali siku ile, ikalipa plasta, basi. Wiki ya sita baba yake, mchukuzi sokoni, alikwenda kuuliza habari ya matibabu ya kuendelea, akajibiwa kwamba kijana hakuwa mwajiriwa, alikuwa "anajifunza". Mzee akauliza: kama alikuwa anajifunza, mwalimu wake ni nani na shule yake iko wapi? Hakupata jibu. Mpaka leo mguu ule unachechemea, na kijana anauza maji ya chupa kituoni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kijana wa timu ya pili hufika mazoezini kwa saa iliyopangwa, hutii amri, huvaa sare ya klabu, na siku ya mechi hucheza chini ya jina la klabu. Akipatikana mnunuzi, klabu huuza. Mtu anayefanya yote hayo ni mfanyakazi, au kwa uchache ni mwanafunzi wa kazi kama yule aliyeko karakana. Hatuwezi kukubali kwamba anakuwa mali ya klabu siku ya kuuzwa na mgeni siku ya kuumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa timu ya pili uko kwenye mpira wa kikapu, kule Marekani. Mwaka 2001 ligi yao kuu, NBA, ilianzisha ligi ya chini yenye timu 8. Ligi hiyo ikakua, mwaka 2017 ikabadilishwa jina kuwa G League, na kufikia msimu wa 2024/25 kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ilikuwa na timu yake ya chini. Kijana hucheza huko kila wiki chini ya makocha wanaofundisha mchezo ule ule wa timu kubwa. Akihitajika juu huitwa, akitoka huko hurudi chini, wala kurudi si fedheha. Tangu mwaka 2017 kuna hata mkataba wa aina ya pekee, unaomruhusu mchezaji mmoja kuwa wa timu zote mbili. Fedha zao hatuna, na sioni sababu ya kujidanganya. Lakini siri ya mpango wenyewe haihitaji fedha nyingi: kijana hajifunzi kwa kukaa kwenye benchi la wakubwa, hujifunza kwa kucheza.

Wanaotuletea habari za G League katika redio hawatuambii sehemu ya pili. Mwaka 2020 wachezaji wa ligi hiyo ya chini walipiga kura wakaanzisha chama chao cha wafanyakazi, kwa msaada wa chama cha wachezaji wa ligi kuu. Miaka miwili baadaye wachezaji wa ligi za chini za besiboli, watu zaidi ya 5,000, walijiunga na chama cha wenzao wa ligi kuu, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mshahara wa chini katika daraja la juu la ligi hizo ulitoka dola 17,500 kwa mwaka ukawa dola 35,800. Kwa miaka mingi waliambiwa kwamba wao wako shuleni tu, wanajifunza, wavumilie. Ni neno lile lile aliloambiwa mchukuzi wetu.

Turudi nyumbani. Kijana wa Kisenyi anayependa kikapu hupanda hadi Lugogo, au hutafuta nafasi uwanja wa YMCA kule Wandegeya. Nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa wiki, kwa mtoto wa mama anayeuza nyanya, si jambo dogo. Anayefika mazoezini ni yule mwenye mjomba wa kumlipia, na tunapomwona uwanjani tunasema ana kipaji. Wangapi wenye kipaji walikosa mjomba? Mwaka 2023 City Oilers walikuwa klabu ya kwanza ya Uganda kucheza katika ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza mwaka 2021. Ilikuwa sifa kwa nchi, na nilishangilia kama wengine. Ligi hiyo ina desturi moja niliyoipenda: tangu mwaka 2022 kila timu hupewa kijana kutoka chuo cha NBA kilichoko Senegal, asafiri nayo na acheze nayo. Nafasi ya kijana imewekwa kwa mpango. Haikuachwa iwe huruma ya kocha ambaye kibarua chake kiko hatarini kila Jumapili.

Katika mpira wa miguu, klabu za ligi kuu yetu zina timu za vijana zinazocheza ligi yao wenyewe chini ya FUFA, na matunda yameonekana. Allan Okello alipitia timu ya vijana ya KCCA, yaani ile KCC ya vibarua, akapandishwa kwa wakubwa, na mwaka 2020 akaenda Paradou ya Algeria. Klabu inayosema timu ya pili ni hasara ingeangalia hesabu kama hizo. Aidha kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Timu ndogo ya mtaani iliyoandika jina la mtoto na tarehe aliyoanza inaweza kudai sehemu yake miaka mingi baadaye. Isiyoandika haina cha kudai. Nimeona daftari za usajili zilizoliwa na mchwa, na kila ukurasa ulioliwa ulikuwa fedha.

Wapo ndugu wanaopinga, na hoja yao nzito nataka niijibu kwa heshima. Wanasema: ada ya mwanachama ni ya kutetea mshahara, mtoto wangu hachezi, kwa nini chama kihangaike na mipira? Katika nusu ya hoja hiyo mimi niko pamoja nao. Sitaki chama kianzishe timu yake. Nimeona vyama na mashirika yakianzisha timu kwa mbwembwe, sare mpya, picha na mgeni rasmi, na baada ya misimu miwili mweka hazina hajui madeni yametoka wapi. Kuendesha klabu ni kazi ya watu wa klabu. Kazi yetu ni mikataba.

Nusu ya pili ya hoja siikubali. Mtoto anayecheza timu ya pili ni mtoto wa nani? Wakurugenzi wana shule zenye viwanja vyao. Wanaopigania nafasi katika timu za vijana Nakivubo na mitaa yake ni watoto wa dereva, wa mfagiaji wa jiji, wa mama wa sokoni. Wengine ni mabinti, na tusiwasahau, maana KCCA hiyo hiyo ina timu ya wanawake ya kikapu, Leopards, na binti anayeumia goti hulipa bei ile ile hospitalini. Mwanachama anayetumia mshahara wake kumtibu kijana aliyeumia akiitumikia klabu, mshahara wake umekwisha kupunguzwa, hata kama hakuna barua ya mwajiri iliyosema hivyo.

Wengine hutuonyesha uwanja mpya. Nakivubo ya zamani ilibomolewa kuanzia mwaka 2017, ikajengwa upya na mfanyabiashara Hamis Kiggundu, na mwaka 2024 ikafunguliwa ikiwa na jina la Hamz. Viti ni vizuri, nyasi ni nzuri, na maduka yameuzunguka pande zote. Sina ugomvi na viti. Ila uwanja unaotakiwa kurudisha fedha za aliyeujenga utakodishwa kwa anayelipa, na timu ya pili haiwezi kumshinda mwandaaji wa tamasha la muziki kwa bei. Uwanja huu ulikuwa chini ya wadhamini kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo ni halali kabisa kuomba saa kadhaa za wiki, tuseme asubuhi mbili za siku za kazi wakati hakuna mechi, ziwe za timu za vijana wa mitaa inayouzunguka. Ombi hilo lingekuwa na uzito likitoka kwa chama cha watu elfu kadhaa wanaofanya kazi mlangoni pa uwanja huo, kuliko likitoka kwa kocha mmoja mwenye filimbi.

Na waajiri je? Hapa najua watu wataguna, kwa kuwa mwajiri wa zamani mwenye timu hayupo tena. Lakini wapo wenye viwanda, kampuni za simu, mabenki na taasisi za serikali wanaotoa fedha kwa klabu ili majina yao yaandikwe kifuani. Tunapokaa nao mezani kujadili mkataba wa pamoja, tuwaulize fedha hizo zinakwenda wapi, na tudai sehemu iliyotajwa kwa tarakimu iende timu ya pili ya klabu hiyo hiyo, pamoja na nafasi chache za kujifunza kazi kwa vijana watakaoshindwa kupanda. Kumi wakiingia timu ya pili, pengine wawili watafika juu. Wale wanane ni watu pia. Fundi umeme aliyepita timu ya pili si kushindwa kwa timu ya pili, na mimi ningempima kocha wa vijana kwa wale wanane kwanza.

Wapo pia madalali. Mtu huja na gari, humchukua kijana wa miaka 17, humsainisha karatasi kwenye boneti, na kijana hubaki na nakala ya picha kwenye simu. Nani anaisoma karatasi hiyo kabla ya kusainiwa? Baba hawezi, kocha hataki, na klabu ina haraka. Katibu wa tawi anaweza. Anasoma mikataba kila mwezi, anajua neno "kwa hiari ya mwajiri" linaficha nini. Uganda kuna chama cha wachezaji wa mpira wa miguu, na Kenya kuna KEFWA. Wangefurahi kupata mahali pa kukaa na meza mbili katika ofisi zetu siku moja kwa wiki. Hilo halihitaji ada kupanda hata shilingi moja.

Sheria nayo haiko mbali nasi kama tunavyofikiri. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri Uganda, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchangia NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi. Klabu inayomlipa kijana kila mwezi na kuiita fedha hiyo "posho" inaikwepa akiba hiyo. Kijana wa miaka 18 anayeanza kuwekewa leo, hata kama mpira utamtupa akiwa na 24, anakuwa na jina katika mfuko. Aliyelipwa posho kwa miaka sita anaanza maisha ya kazi akiwa na miaka 24 na daftari tupu.

Kwa hiyo kabla ya mkutano mkuu ujao naomba matawi ya Kampala yafanye kazi ndogo. Kila tawi liandike klabu zilizoko katika eneo lake zenye timu ya pili, za mpira wa miguu na za kikapu, za wavulana na za wasichana. Liandike ni vijana wangapi, wanalipwa nini, nani ana barua na nani hana, na aliyeumia mwaka uliopita alitibiwa na nani. Maswali hayo yanatosha karatasi moja. Klabu zikikataa kujibu, iandikwe kwamba zilikataa, na tarehe. Tawi la sokoni lianze na zile zinazofanya mazoezi karibu na Nakivubo, maana wazazi wa vijana wale wako pale pale vibandani, na wengi wao wana kadi zetu.